Tuulizane: Nikiliacha Gari, Nitaishije?

Katika toleo lililopita nilitaja, tena kwa mistari miwili tu, kwamba huu ni mwaka wa tisa tangu niuze gari langu na sijanunua jingine. Barua zilizofuata zimejaa mezani kwangu. Wengine wananipongeza, wengine wananionea huruma, na wengi wanauliza maswali ambayo mimi mwenyewe niliyauliza usiku wa kwanza bila gari uani. Kwa hiyo safu yote ya leo ni ya jambo hilo. Nimechukua barua saba, na majina yaliyo chini yake ni ya kalamu.

Gharama

"Salamu dada. Giaboksi ya gari langu imekufa, na hii ni wiki ya pili gari liko juu ya mawe nyumbani. Fundi amenipigia hesabu nikaishiwa nguvu. Mke wangu anasema tukope tulitengeneze, kwa sababu bila gari mshahara wote utaishia kwenye teksi. Mimi nimeanza kujiuliza kama kweli tunalihitaji. Nani yuko sahihi kati yetu?" — Gari Juu ya Mawe

Kaka, pole. Kabla hujakopa, fanya kazi moja ambayo mimi niliifanya nikiwa nimechelewa miaka mingi. Nimefanya uhasibu zaidi ya miaka ishirini, lakini gharama ya gari langu mwenyewe nilikuwa naihesabu kwa mafuta tu. Mtu akiniuliza linakula kiasi gani kwa mwezi, namtajia petroli. Mwaka wa mwisho ndipo nilipoweka daftari dogo kwenye mfuko wa mlango wa dereva, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi, na kila kilichotoka kwa ajili ya gari nikakiandika papo hapo: bima, oili na filta mara tatu, matairi mawili ya mbele, betri, pedi za breki, maegesho ya kila siku, kuosha, taa ya nyuma iliyogongwa nikiwa sipo, faini moja ya kuegesha pasiporuhusiwa. Nilipojumlisha mwisho wa mwaka, petroli haikufika hata nusu.

Na bado kuna gharama ambayo haikuingia kwenye daftari kwa sababu haina risiti. Gari hupungua thamani likiwa linatembea, na hupungua likiwa limesimama. Langu lilikuwa barabarani saa moja na robo kwa siku. Ukigawa kwa saa 24, hiyo ni asilimia 5 hivi. Asilimia 95 ya maisha yake lilikuwa limeegeshwa, na bima yake ilikuwa inalipiwa kwa saa zote 24.

Sasa nije kwenye hoja ya mke wako, maana si ya kupuuzwa. Kama nyinyi wawili mtapanda teksi kwenda kazini na kurudi, kila siku, kila mtu na njia yake, basi yuko sahihi kabisa na gari litakuwa nafuu. Lakini je, ndivyo mtakavyoishi? Hilo huwezi kulijibu kwa kubahatisha, na bahati nzuri wiki hizi mbili tayari mmeishi bila gari. Ketini wote wawili mwandike kila safari iliyofanyika: nani alikwenda wapi, kwa nini, kwa basi, kwa miguu, kwa teksi au kwa lifti ya jirani, na ipi iliahirishwa. Safari zilizoahirishwa zitazameni kwa makini zaidi. Kuna ambazo hamtakumbuka hata zilikuwa za nini, na kuna ambazo ziliwaumiza. Hizo zilizowaumiza ndizo mnapaswa kuzipangia.

Mimi nilichukua jumla ya daftari langu, nikaigawa kwa kumi na mbili, na kila mwezi naweka kiasi hicho kwenye bahasha ya kaki iliyo nyuma ya mlango wa kabati. Nauli ya basi inatoka humo, teksi inatoka humo, pancha ya baiskeli inatoka humo. Sharti langu ni kwamba fedha ya bahasha hiyo haihurumiwi. Mvua ikinyesha na nimechoka, naita teksi na silaumu moyo wangu. Nimeona watu wengi wakiacha gari halafu wakaanza kujinyima kila safari, wakawa wafungwa ndani ya nyumba zao, na baada ya mwaka wakanunua gari jingine wakiwa na hasira. Mwezi wa kwanza nilifungua bahasha tarehe ya mwisho nikakuta zaidi ya nusu imebaki, nikahesabu mara mbili.

Mkiamua kuliuza, uzeni mapema hata likiwa bovu. Gari lililolala betri yake hufa, matairi hupata bapa upande uliogusa ardhi, na mafuta yaliyo tangini huchacha. Kila mwezi juu ya mawe ni hoja mpya kwa mnunuzi ya kushusha bei.

Usiku wa dharura

"Shikamoo mama. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka saba na mdogo mitatu. Baba yao anafanya kazi mbali, anarudi mara moja kwa mwezi. Gari letu tunafikiria kuliuza ili tulipe ada na deni. Mchana siogopi. Naogopa saa nane ya usiku mtoto akiugua. Pia mkubwa atalazimika kwenda shule kwa miguu. Nisaidie." — Mama wa Wawili

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo lililonifanya nitake kuandika ukurasa huu wote, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu na sitakuficha kitu.

Mwaka wa tatu bila gari, kijana wangu wa mwisho alikuwa na miaka minne. Aliamka saa nane hiyohiyo unayoitaja, anakohoa kikohozi kikavu kama mbwa anayebweka, na kila akivuta pumzi kifua kinaingia ndani. Nilikuwa na namba tatu za madereva wa teksi. Ya kwanza ilikuwa imezimwa. Ya pili iliita mpaka ikakata. Ya tatu ilipokelewa papo hapo, na mtu akasema maneno mawili tu: "Nakuja, mama." Nilisimama getini nimemfunga mtoto kwenye blanketi, namhesabia pumzi zake, na nilitazama saa mpaka taa za gari zilipokata kona. Dakika kumi na nane. Hewa baridi ya usiku ilimpunguzia kidogo, na tulipofika hospitali alihudumiwa akapona. Lakini dakika zile kumi na nane nazikumbuka moja moja, na anayekwambia kwamba kuishi bila gari hakuna usiku wa namna hiyo, hajalea.

Asubuhi yake sikukimbilia kununua gari. Nilikaa nikajiuliza ni nini hasa kilichokosekana, nikaona haikuwa gari. Uhakika ndio niliokosa. Nilikuwa na namba za watu ambao sikuwahi kuwauliza kama hulala na simu wazi. Basi nilimtafuta yule dereva wa tatu, nikajua anaishi umbali wa mitaa miwili, tukakubaliana kwamba simu yangu ikiita usiku ni ya mgonjwa na si ya kitu kingine, na kwamba nauli ya usiku ni nauli ya usiku, sitabishana naye. Kisha nilimwendea jirani mwenye gari. Nilikwenda mchana, watu wote wakiwa wazima, nikamwuliza waziwazi: nikikugongea usiku kwa ajili ya mtoto, utaniamkia? Alishangaa hata nikauliza. Ukiuliza mchana unapata jibu la kweli, lakini ukigonga usiku bila makubaliano unamtwisha mtu mzigo asiojua uzito wake. Namba ya ambulensi niliiandika kwa herufi kubwa nyuma ya mlango, pamoja na maelezo ya namna ya kufika nyumbani kwetu, kwa sababu ukiwa na hofu hata jina la mtaa wako linakupotea. Na ndani ya bahasha naacha siku zote noti ndogondogo za safari moja ya kwenda na kurudi, ambazo haziguswi kwa jambo lingine.

Tangu hapo nimemwita dereva yule usiku mara mbili. Mara zote alifika.

Hata hivyo, kama mmoja wa watoto wako ana pumu inayomshika mara kwa mara, au ugonjwa wowote wa kukimbizwa hospitali mara nyingi kwa mwaka, na hospitali iko mbali, usiuze gari. Tafuta njia nyingine ya kulipa deni. Sitaki barua yangu ikutie ushujaa usiohitajika.

Kuhusu shule: mtoto wa miaka saba asitembee peke yake kwenye barabara ya magari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, kwamba ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Ninaipenda njia ya miguu kuliko njia zote, na kwa sababu hiyohiyo sitaki mtu aipambe. Mtembeze wewe, au mshirikiane wazazi wanne watano wa mtaa mmoja, kila mmoja akiwasindikiza watoto wote siku yake. Pasipo na njia ya pembeni, tembeeni upande ambao magari yanakuja yakiwatazama, watu wazima wakiwa upande wa magari. Wavishe rangi ya kung'aa asubuhi ya ukungu. Kabla ya kuvuka, mfundishe asitazame gari tu bali amtazame dereva usoni, asubiri mpaka dereva naye amemwona.

Na msione aibu kudai barabara salama. Watu wengi hudhani Uholanzi ilizaliwa na njia zake za baiskeli. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani nchini humo, wakiwamo watoto zaidi ya 400, na wazazi ndio waliotoka mitaani, wakafunga barabara, wakadai watoto wao wasiuawe tena. Sehemu kubwa ya mnachokiona leo kule ilianza na hasira ya wazazi wale.

Mzigo

"Mtungi wa gesi je? Godoro je?" — Msomaji wa Mistari Miwili

Mtungi na godoro uletewe. Karibu kila anayeuza kitu kizito ana njia ya kukifikisha, na nauli yake ni ya mara moja, si ya kila mwezi. Kwa vitu vya kila siku, acha mazoea ya mwenye gari ya kununua vya wiki mbili kwa mpigo. Nunua kidogo kila unapopita. Begi la mgongoni lenye mikanda mipana ni bora kuliko mifuko miwili ya mkononi, kwa sababu mikono inabaki huru kushika mwavuli, chuma cha basi au mkono wa mtoto. Weka kizito chini, karibu na uti wa mgongo, na cha kupondeka juu.

Jasho

"Habari dada. Nina miaka 26, naenda kazini kwa baiskeli, kilomita 6. Naipenda baiskeli yangu. Tatizo nafika nimelowa jasho, na wenzangu wanaokuja na magari wananitazama. Bosi aliwahi kuniuliza mbele ya watu kama mshahara hautoshi. Nimeanza kufikiria mkopo wa gari." — Raba Nyeupe

Mdogo wangu, tuanze na jasho. Mwili hautoki jasho ukiwa unaendesha tu. Unapoendesha, upepo unalikausha, kisha ukisimama ghafla joto lililo ndani linaendelea kutoka na hakuna upepo wa kulichukua. Ndiyo maana unafika mkavu kiasi halafu unalowa ukiwa tayari mezani. Kwa hiyo ondoka nyumbani dakika kumi na tano kabla ya kawaida yako, na kilomita ya mwisho iendeshe taratibu kama mtu asiye na haraka. Ukifika, usibadilishe shati hapohapo. Kaa kivulini dakika kumi, kunywa maji, jifute kwa taulo dogo lenye maji, ndipo uvae shati la kazi. Shati hilo usilivae njiani. Likunje kwa kuliviringisha, liweke juu kabisa kwenye begi, au peleka mashati matano Jumatatu na kuyarudisha Ijumaa. Begi nalo litoe mgongoni ulifunge kwenye keria, maana mgongo uliofunikwa na begi ndio unaolowa kuliko kifua. Mimi nilihangaika na vipodozi vya kila namna kabla ya kugundua kwamba keria ndiyo ilikuwa dawa.

Kuhusu bosi, maneno yake yameniuma kwa niaba yako. Aliyeuliza vile hakujua kwamba kilomita 6 kwa mwendo wa kawaida ni kama dakika 25, na kwamba ukienda na kurudi siku tano unapata zaidi ya dakika 240 za mazoezi kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wapate angalau dakika 150. Wewe umeshazipita kabla hujaanza kujisifu, na hukulipa popote. Nami nikuambie langu: mwaka wa pili wa kutembea, presha yangu iliyokuwa inanisumbua ilishuka na daktari akanipunguzia dawa. Sisemi ni miguu peke yake, nilipunguza na chumvi. Lakini miguu ilikuwamo.

Usichukue mkopo ili kumjibu mtu. Mkopo wa gari utaulipa wewe miaka mitatu au minne, na yeye atakuwa amesahau swali lake siku hiyohiyo. Fika kwa wakati, fika nadhifu, fanya kazi yako vizuri. Ukihitaji gari kwa sababu ya kazi au familia, hilo ni jambo jingine, na siku hiyo nitakushauri ununue.

Kutoka kwa mzee

"Binti yangu, nina miaka 71. Daktari amenikataza kuendesha, kwa kuwa presha ya jicho imenila pembeni. Mbele naona, pembeni ni giza. Goti la kulia nalo baada ya mita 300 linagoma. Watoto wananiambia wataniendesha, lakini nachoka kuomba. Nimekuwa mtu wa kusubiri." — Dereva wa Zamani

Shikamoo baba. Neno lako la mwisho nimelisoma mara nyingi. Wewe hukuliacha gari kama mimi nilivyoliacha, umenyang'anywa, na sitajifanya kwamba haya mawili ni sawa. Kwanza nikushukuru kwa kumtii daktari. Mtu asiyeona pembeni hamwoni mtoto anayetoka kando ya barabara.

Mita zako 300 zichukue kama kipimo cha kupangia siku. Tembea na mjukuu mmoja kutoka mlangoni kwako mtazame ni wapi mita hizo zinaishia kila upande, na hapo kuna nini: ukuta wa kukalia, benchi, duka lenye kiti? Goti likipata dakika tano za kukaa, mara nyingi hukubali mita nyingine 300. Ukishazijua sehemu zako za kupumzikia, umbali unaongezeka. Panda basi katikati ya asubuhi, wafanyakazi wakishaingia kazini, si saa ya msongamano. Ukiingia mwambie dereva kwa sauti, "Naomba niketi kwanza ndipo uondoke." Wazee wengi huumia basi linapoondoka wakiwa bado hawajashika kitu, na dereva aliyeambiwa husubiri.

Vijana wanaopanga mabasi hufikiria nauli, na nauli ni muhimu. Luxembourg ilifuta nauli ya mabasi, tramu na treni nchi nzima tangu tarehe 1 Machi 2020. Lakini kwa mtu mwenye goti kama lako ngazi ya basi ni ukuta kuliko nauli. Ndiyo maana nauthamini mji wa Curitiba, Brazil, ambao mwaka 1991 ulijenga vituo vilivyoinuliwa, abiria akalipa humo ndani na kuingia kwenye basi sakafu kwa sakafu, bila kupanda ngazi. Mahali ambapo hayo hayapo, chagua basi la sakafu ya chini hata kama itabidi lingine likupite.

Kuhusu kuomba: baba, acha kuomba, panga. Waite watoto, uwaambie ni safari zipi ni zako za kila juma, na kila mmoja achukue yake kwa siku na saa inayojulikana. Jumanne ni ya fulani, Jumamosi ni ya fulani. Safari iliyopangwa haiombwi. Na ile fedha ya mafuta na bima ambayo hulipi tena, weka bahasha yako mwenyewe, umtafute dereva mmoja wa teksi mwenye adabu. Siku unayotaka kwenda kumsalimia rafiki bila mtoto yeyote kujua, unakwenda.

Umbali mrefu

"Naishi kilomita 32 kutoka kazini. Kwa gari ni dakika 50. Nimejaribu kwa mabasi mwezi mzima: naondoka saa kumi na nusu alfajiri, nabadilisha mara mbili, narudi saa tatu usiku. Nilisoma makala yako nikataka kuuza gari. Nivumilie, nitazoea?" — Msafiri wa Alfajiri

Hapana. Usiuze gari, na usivumilie. Kwa saa hizo, wa nyumbani kwako wanakuona umelala tu.

Nilichojifunza miaka hii ni kwamba gari lilikuwa linanificha umbali. Nilipokuwa nalo sikujua kwamba nimepanga nyumba mbali na kila kitu, niliona ni dakika chache tu. Lilipoondoka, umbali wote ukajitokeza, na nikalazimika kuhama ndani ya miezi minane. Nyumba ya sasa ni ndogo kuliko ile kwa chumba kimoja, lakini shule, zahanati na kituo cha basi vyote viko ndani ya nusu saa ya miguu. Mtu mzima hutembea kama kilomita 5 kwa saa, na kwa baiskeli isiyo na haraka hufika 15. Kwa nusu saa, basi, miguu inakupa kilomita 2 na nusu, baiskeli inakupa 7 na nusu. Kilomita 32 haimo humo.

Mahali panapotajwa sana kwa kukosa magari, kama Venice, au Zermatt kule Uswisi ambako wageni huacha magari yao kijiji cha Täsch na kumalizia kilomita 5 kwa treni, hapafanikiwi kwa sababu watu wake wana moyo mgumu kuliko wewe. Panafanikiwa kwa sababu vitu viko karibu. Carlos Moreno, profesa wa Paris, alipoanza kuzungumzia mji wa dakika 15 mwaka 2016, yaani mji ambao mahitaji ya kila siku yako ndani ya dakika 15 kwa miguu au baiskeli, alikuwa anasema hilohilo: vileteni vitu karibu na watu.

Kwa sasa jaza viti vyako. Ukipata wafanyakazi wenzako watatu wa njia yako mkagawana mafuta, umepunguza gharama na magari matatu barabarani. Au endesha mpaka pale mabasi yanapokuwa mengi, uegeshe, upande basi moja. Mkataba wa nyumba ukiisha, au kazi ikibadilika, hapo ndipo uniandikie tena, na kabla ya kulipa kodi ya nyumba mpya itembee njia ya kwenda kazini kwa miguu au basi, siku ya kazi, saa ya kazi.

Nimelikumbuka

"Ni miezi mitatu tangu niuze. Fedha nimeziona, afya nimeiona. Lakini nalikumbuka gari langu mpaka nalia. Nilikuwa nakaa ndani yake dakika kumi kabla ya kuingia nyumbani, peke yangu, kimya. Na mama yangu mzazi yuko kijijini, basi linafika mara mbili kwa wiki. Je, nimekosea?" — Bila Jina

Dada yangu, hujakosea, na kulia si dalili ya kukosea. Mimi nililia kwa kitu kidogo zaidi. Nilikuta kwenye begi kitambaa cha manjano nilichokuwa nafutia kioo cha mbele asubuhi, kikiwa bado na harufu ya gari, nikakaa chini.

Zile dakika kumi za ukimya zilikuwa zako kweli, na hakuna basi litakalokurudishia. Zitafutie mahali pengine kwa makusudi. Mimi hushuka kituo kimoja kabla ya changu, na sehemu iliyobaki natembea simu ikiwa begini. Nyumbani wanajua kwamba nikifika sisemeshwi mpaka nimevua viatu.

Kwa mama, usilitegemee basi la mara mbili kwa wiki. Kodi gari siku mbili kila mwezi, uende naye popote anapotaka kupelekwa, kliniki, kwa ndugu zake, umrudishe. Fedha hiyo itoke kwenye bahasha bila kuhurumiwa. Weka nafasi angalau wiki moja kabla, kwa sababu mwisho wa wiki magari huisha mapema, na kabla hujaondoka lizunguke gari lote ukilipiga picha kila mkwaruzo, na tairi la akiba ulitazame kwa macho yako.